Kulala Murangi: Mwongozo kwa Mgeni wa Nyumbani

Anayetaka hoteli abaki Musoma mjini. Atapata chumba chenye feni na sato wa kukaanga karibu na ufukwe, na atalala bila kumsumbua mtu. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kufika Murangi, au kijiji kingine cha Majita, alale ndani ya nyumba ya familia, ale wanachokula, aamke wanapoamka na aondoke bila kuacha deni wala kinyongo. Inawezekana, na kwa maoni yangu ni safari nzuri kuliko nyingi zinazouzwa kwa dola. Ila ina masharti yake, na mengi hayajaandikwa popote kwa kuwa wenyeji hudhani kila mtu anayajua.

Murangi ni kata ya Musoma Vijijini, kwenye rasi ya Majita inayoingia ndani ya Ziwa Victoria. Wenyeji ni Wajita, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kikerewe na Kikara cha visiwani. Ukitoka Musoma mjini kuelekea huko unaanza na Wakwaya wa Nyegina na Nyakatende, kisha Waruri wa Mugango na Kiriba. Mashariki, Butiama, wapo Wazanaki. Bunda kuna Waikizu na Wasizaki, pamoja na watu wengi waliohamia kutoka Usukuma, Ukerewe na Majita yenyewe. Mgeni anayewaita wote hao Wakurya, kama watu wa Dar es Salaam wanavyopenda, husamehewa mara ya kwanza tu.

Kumpata mwenyeji

Usitafute nyumba kwa kuzunguka kijijini na begi mgongoni. Mgeni asiyejulikana anayebisha hodi magharibi huwatia watu wasiwasi, hata kama watampa uji na mahali pa kulaza ubavu. Njia ya hakika ni mtu anayemjua mtu. Uliza ofisini kwako, chuoni, kwenye kwaya, kwenye kikundi cha vikoba: mwenzako anayeitwa Magesa, Mafuru, Masatu au Bwire huenda ana shangazi Majita, na shangazi huyo huenda ana chumba kilichobaki wazi tangu watoto waende mjini. Usipompata, jaribu kanisa au shule. Mchungaji na mwalimu mkuu wanajua nyumba ipi ina nafasi, ipi ina mgonjwa, na ipi ina ugomvi ambao hutaki kulala katikati yake.

Butiama ni rahisi zaidi kwa asiyejua mtu, kwa sababu pana kikundi cha utalii wa utamaduni. Vikundi vya aina hiyo vilianzia vijiji vya jirani na Arusha katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV, kisha vikaenea mikoani chini ya uangalizi wa Bodi ya Utalii Tanzania. Vina mwongozaji, vina bei inayojulikana, na ukitaka risiti utapewa. Mtu anayeogopa kujadiliana bei na mama wa watu aanzie huko.

Kabla ya kufunga safari piga simu, tena zungumza na mwenye nyumba mwenyewe, si kijana aliyekuunganisha peke yake. Uliza nyumbani wapo nani, utalala chumba chako au na watoto, choo kiko wapi, wao ni watu wa kanisa gani, na kuna nini wangependa uwaletee kutoka mjini. Swali la kanisa linaweza kukushangaza. Nitalieleza hapo chini. Nawe useme yako waziwazi: huli samaki, una presha, unakoroma, unakuja na mwenza ambaye hamjafunga ndoa. Hili la mwisho usilifiche. Nyumba nyingi zitawalaza vyumba tofauti, na ni heri kulijua kabla ya kupanda gari.

Ukishafika, siku ya kwanza au asubuhi ya pili, mwenyeji wako akupeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwenye ofisi ya kijiji usaini kitabu cha wageni. Tangu enzi za mabalozi wa nyumba kumi, mgeni anayelala kijijini hujulishwa kwa viongozi, na mwenyeji asiyefanya hivyo ndiye atakayeulizwa, wewe ukiwa umeshaondoka. Anayetoka nje ya nchi akumbuke kwamba viza ya utalii haimruhusu kufundisha darasani, kupima wagonjwa wala kufanya utafiti. Utafiti una kibali chake kutoka COSTECH, na mtendaji wa kijiji anayo haki ya kukiomba akione.

Nyumba ni ya mama

Kaskazini-mashariki mwa India, katika jimbo la Meghalaya, kuna watu waitwao Wakhasi ambao vijiji vyao vimezoea kupokea wageni wa kulala majumbani. Wakhasi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na binti wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Mgeni anayelala huko anajua, hata asipoelezwa, kwamba yumo mikononi mwa mwanamke mwenye nyumba yake. Mkoa huu wa Mara unafahamika kwa mfumo dume, na sifa hiyo haikuja bure. Hata hivyo Wakwaya wa kando ya Musoma nao zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtaalamu Hugo Huber alichapisha kitabu kizima juu ya ndoa na familia za Bukwaya mwaka 1973. Siku hizi mambo yamechanganyika: mtoto hutumia jina la baba, na shamba husimamiwa na wanaume. Lakini mgeni akija, anayebeba mzigo ni mama. Ndiye anayeteka maji utakayooga, anayeamka kukoka moto, na anayekopa mchele dukani usiku ili usile ugali siku ya kwanza.

Kwa hiyo ujipange kwake. Baba utamsalimia kwanza kama heshima inavyotaka. Utakaa naye, atakuuliza habari za ulikotoka na siasa za nchi. Ila ratiba ya kula, kuoga na kulala ni ya mama, na fedha ya chakula iende kwa mama, baba akiwa anajua na akiwa amekubali. Lizungumzeni jambo hilo siku ile ile ya kufika, mkiwa watatu, kwa maneno machache: "Baba, mimi ningependa pesa ya jikoni nimkabidhi mama." Sijawahi kuona mzee mwenye akili timamu akilikataa.

Ukiendelea mpaka kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti, na hata katika baadhi ya jamii jirani nao, unaweza kufikia nyumba ntobhu: mwanamke mtu mzima, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, amemtolea mahari mwanamke mwingine ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Usicheke wala usiulize maswali ya chumbani. Shikamoo ianze kwa yule mkubwa, na malipo pia.

Kuhusu majina: mwenyeji wako akiitwa na majirani Mama Bwire au Mama Nyanjura, nawe mwite hivyo. Akiwa na umri wa bibi yako, mwite bibi. Wasichana wa nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa hupiga goti wanapomsalimu mkubwa au kumnawisha mgeni mikono. Usiwainue kwa nguvu ukitaka kuwafundisha haki zao. Itikia, shukuru, nawa. Mazungumzo mengine yatakuja mkishazoeana.

Saa za nyumba

Wageni wengi huharibu hapa, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Nyumba ya Majita haiendi kwa saa ya ukutani. Inaendeshwa na ziwa, na ziwa linaendeshwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, sasa nyingi ni taa za umeme wa jua au betri. Taa hizo huwavuta dagaa usiku wa giza tu. Mbalamwezi ikiwa kubwa, samaki hawakusanyiki, na mitumbwi ya dagaa hupumzika siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu. Wavuvi huita vipindi hivyo giza na mbalamwezi, na kalenda yote ya fedha ya kijiji imo humo. Wakati wa giza kuna pesa, kuna kelele mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, vijana wanalala mchana na mama yuko juani anageuza dagaa. Wakati wa mbalamwezi wanaume wako nyumbani wanashona nyavu na kupiga soga, lakini mifuko imenywea.

Chagua kulingana na unachotaka. Ukitaka kuona taa zilivyotanda ziwani usiku, nenda giza. Ila usitarajie mtu wa kukuzungusha mchana. Ukitaka mazungumzo marefu na wazee na vijana, nenda mbalamwezi, na uwe mwepesi wa kutoa pesa ya jikoni mapema. Tazama mwezi kabla ya kukata tiketi.

Usiombe kupanda mtumbwi wa dagaa usiku. Najua ndilo jambo la kwanza linalomjia mgeni, na vijana watakubali kwa sababu wanaona aibu kukunyima. Ziwa Victoria hubadilika ghafla, mtumbwi una kazi, na mtu asiyejua kukaa humo ni hatari kwa wenzake. Nenda mwaloni alfajiri wanaporudi. Ukitaka kuelea majini, kodi mtumbwi asubuhi kabla upepo haujaamka, lipia mafuta ya injini, na usiingie bila jaketi la kujiokolea. Kama mwalo hauna, nunua lako mjini uje nalo, kisha uliache kwa familia. Ni zawadi bora kuliko fulana yenye picha ya Mlima Kilimanjaro.

Ukiwa mwaloni, simu iache mfukoni mpaka uruhusiwe. Si kila wavu ulioanikwa pale una macho yanayokubalika kisheria, na mgeni anayeelekeza kamera kwenye nyavu hudhaniwa mtu wa doria. Jitambulishe kwanza kwa viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia rasilimali za uvuvi katika mwalo ule. Wakishakujua, utapiga picha mpaka uchoke.

Sasa lile swali la kanisa. Waadventista Wasabato walifungua kituo Majita kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na mpaka leo nyumba nyingi za huko ni za Kisabato. Wamennonite walianza kazi yao Shirati mwaka 1934 wakashuka mpaka Mugango, na Wakatoliki wana misheni yao kongwe Nyegina. Ukifikia kwa Wasabato, wiki yako itakatika Ijumaa jioni. Jua huzama huku kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Kabla ya hapo kuni zimeshapasuliwa, maji yameshatekwa, nguo zimepigwa pasi na chakula cha kesho kimeshapikwa. Tangu hapo mpaka machweo ya Jumamosi hakuna kupika kwa kawaida, hakuna kuuza wala kununua, hakuna kwenda shamba. Usimtume mtoto dukani kukununulia vocha. Usifue. Usipange kuondoka Jumamosi ukamlazimu baba akutafutie bodaboda. Ukialikwa kanisani nenda, hata kama wewe ni Mwislamu au huna dini. Utakaa nyuma, utasikia kwaya, na kijiji kizima kitakuwa kimekujua kwa siku moja.

Usabato unaingia jikoni pia. Samaki asiye na magamba haliwi, kwa hiyo usinunue kambare mwaloni ukampelekea mama ukidhani umemfurahisha. Nguruwe haliwi, pombe haiingii nyumbani, na wengi wao hawanywi chai ya majani wala kahawa. Zawadi ya majani ya chai itapokelewa kwa tabasamu, kisha itapewa jirani. Kwa Wakatoliki mambo ni mepesi, lakini huko nako uliza kwanza.

Chakula

Chakula cha Majita ni muhogo na samaki. Aliyezoea sembe nyeupe ya dukani atapata ugali wa udaga ulio mzito, unaovutika, wenye harufu yake. Muhogo humenywa, ukavundikwa mpaka uchachuke, ukaanikwa, mara nyingi juu ya miamba mikubwa iliyotapakaa upande huu wa ziwa, kisha ukasagwa. Uvundikaji na ukaushaji huo ndio unaotoa sumu ya muhogo mchungu, kwa hiyo usikwanyue kipande kibichi shambani ukatafuna kwa kuiga watoto. Wao wanajua shina lipi ni tamu. Mara nyingine unga huchanganywa na mtama au ulezi. Mega tonge dogo, kwa sababu ugali huu unanata, na usione haya kuomba mchuzi zaidi.

Samaki watakuja kwa aina: dagaa, furu, sato, na sangara ikiwa siku ni nzuri. Sangara mkubwa mara nyingi huuzwa, maana minofu yake inanunuliwa na viwanda, na bondo lake (kibofu cha hewa) lina bei ambayo hutaamini mpaka uione ikilipwa. Familia inayokupikia sangara mnene imeacha pesa. Ukiona hivyo, onyesha umeona. Dagaa wabichi waliotoka ziwani asubuhi ile, wakakaangwa na nyanya na kitunguu, ndio chakula ningekupa kama ningeambiwa nichague kimoja tu.

Watakuchinjia kuku. Huwezi kuzuia, ila unaweza kuwahi: siku ya kufika mwambie mama kwamba ungependa kula kile wanachokula siku zote, na kuku mmoja, kama lazima, awe wa siku ya kuaga. Akichinjwa, tazama firigisi. Katika nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa ni sehemu ya baba au ya mgeni wa heshima. Ukiwekewa, ipokee. Na kumbuka kuwa bakuli lililoletwa sebuleni si lako peke yako: watoto wanakula jikoni kitakachorudi. Mgeni anayemaliza nyama yote ili kumpendeza mpishi amewalaza watoto na mchuzi.

Maji na afya

Maji ya nyumbani yametoka bombani, kisimani au ziwani, na mara nyingi mtu ameyabeba kichwani. Ndoo ya lita 20 inakutosha kuoga na kubakiza. Usiombe ya pili. Ya kunywa yachemshwe, au uje na vidonge vya kutibu maji ugawane na familia bila kuhutubia. Chupa za plastiki ulizokuja nazo rudi nazo mjini.

Kichocho kipo katika ziwa hili, na hakionekani kwa macho. Vijidudu hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi, hasa penye nyasi na matete, na huingia kupitia ngozi. Usioge ziwani, usikanyage majini pembeni mwa mwalo bila viatu vya mpira, hata kama watoto wanachezea humo kutwa. Maji ya ziwa yaliyokaa kwenye ndoo siku mbili, au yaliyochemshwa, hayana hatari hiyo kwa kuoga. Kama uligusa maji, wiki sita hadi nane baada ya kurudi nenda ukapime mkojo na choo; dawa yake, praziquantel, inapatikana na inafanya kazi. Sababu nyingine ya kutooga ziwani ni mamba na viboko. Wenyeji wanajua mahali wanapojitokeza, wewe hujui.

Malaria ya Kanda ya Ziwa si ya kudharau. Anayetoka Arusha, Nairobi au Ulaya aulize kwa daktari dawa ya kinga kabla ya kusafiri. Beba chandarua chako chenye dawa, na kamba na misumari ya kukitundikia. Ukihisi homa usimeze vidonge ulivyobakiza nyumbani: nenda kituo cha afya ukapimwe.

Siku ya tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, aliitumia mwaka 1962 alipoeleza ujamaa, ili kuonyesha kwamba katika jamii ya Kiafrika kila mtu alikuwa mfanyakazi. Huku kwao inachukuliwa kwa uzito, ingawa hakuna atakayekukabidhi jembe kwa mkono. Watakuachia uliokote mwenyewe.

Chagua kazi usiyoiharibu. Kumenya muhogo kunahitaji mkono uliozoea kisu. Anza na kubanja karanga, kuchambua mboga, kugeuza dagaa juani na kuwafukuza kunguru. Wanaume wa mjini wanaweza kupasua kuni au kubeba maji kwa baiskeli. Ukienda jikoni ukiwa mwanamume utachekwa. Chekeni pamoja, kisha keti ufanye kazi. Jambo utakalojifunza pale kwenye kigoda, juu ya bei ya dagaa, mikopo ya vikoba na ada za sekondari, halitapatikana sebuleni kwa baba. Unayesafiri na watoto, nao wape kazi. Mtoto wa mgeni anayeangalia simu wakati wenzake wanachunga mbuzi huleta maneno.

Malipo na zawadi

Bei usiibahatishe. Ukifika stendi ya Bweri, uliza gesti ya kawaida mjini ni shilingi ngapi kwa usiku. Ongeza gharama ya milo mitatu ya mama ntilie. Hicho ndicho kiwango cha chini cha kumlipa mwenyeji wako kwa siku, na usishuke hapo kwa kisingizio kwamba "ni nyumbani". Nyumbani ni kwao. Kwako ni malazi uliyopikiwa.

Toa walau nusu ya malipo siku ya kufika. Mgeni anayengoja kulipa siku ya kuondoka anailazimisha familia kukopa dukani ili imlishe, na huenda mwenye duka anaongeza bei. Noti ndogo ni bora, au tuma kwa simu kwa namba ya mama mwenyewe. Kiasi ulicholipa usikitangaze kwa jirani. Mwongozaji, mwenye mtumbwi na dereva wa bodaboda walipwe mbali na pesa ya nyumba.

Zawadi ni kitu kingine kabisa. Haipunguzwi kwenye malipo. Sukari, mafuta ya kula, mche wa sabuni, mchele wa Bunda, doti ya kanga kwa mama. Kwa mzee, tochi nzuri. Pipi na noti za kugawia watoto barabarani acha kabisa: wageni wawili watatu wa namna hiyo wanatosha kugeuza watoto wa kijiji kuwa ombaomba. Ukitaka kusaidia shule, nenda kwa mwalimu mkuu ukiwa na kamati ya shule, usigawe madaftari mwenyewe huku ukipigwa picha.

Njia, msimu na matembezi

Kutoka Mwanza hadi Musoma ni zaidi ya kilomita 200 za lami, kupitia Lamadi na Bunda. Kutoka Kenya unavuka Sirari, unapita Tarime na daraja la Kirumi. Toka Musoma mjini ushike barabara ya Makojo na Busekera. Fika mjini asubuhi, ili uingie kijijini kabla ya giza. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu, barabara hazisumbui na mavuno yako nyumbani. Machi hadi Mei mvua ni nyingi, na matope ya mbuga za Bugwema hayamheshimu mtu.

Tenga siku moja ya Butiama. Huko, mahali paitwapo Mwitongo, kuna kaburi la Mwalimu, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka huo huo, na makazi ya familia katikati ya mawe na pimbi. Kumbuka kuwa pale pia ni nyumbani kwa watu. Nyegina, ambako Mwalimu alibatizwa mwaka 1943, ipo njiani ukitoka mjini kwenda Majita. Kutoka Bunda unaweza kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, kandokando ya barabara kuu, au kuelekea Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Ukerewe, ambako utasikia lugha iliyo karibu na ile uliyoizoea Majita.

Neno moja kwa mtoto wa Majita anayesoma haya akiwa Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, na ambaye tayari anawaza chumba kitupu cha mama yake. Kabla ya kuwaalika rafiki zako, tuma kwanza pesa ya kitasa, godoro, chandarua na choo chenye mlango unaofungika. Mlipe binti wa jirani amsaidie mama kuteka maji mgeni akiwapo. Bei mwache mama aitaje mwenyewe, na pesa isipitie kwako.